RAM imeandikwa 3200 lakini inasoma 2133: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza na kuunda kompyuta za mezani Dar es Salaam, na maswali haya nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno. Nimeyaandika ili mtu ayasome kabla hajafungua kasha la kompyuta, na hasa kabla hajarudi dukani kugombana na muuzaji.

Nimenunua RAM ya 3200 lakini kompyuta inaonyesha 2133. Nimepigwa?

Mara nyingi hujapigwa. Namba ya kwenye stika ni kasi ambayo mtengenezaji ameijaribu RAM yake na akaona inaifikia, lakini RAM haianzi kazi kwa kasi hiyo. Kila kipande kina chipu ndogo pembeni, inaitwa SPD, na ndani yake mna majedwali ya kasi, muda na volteji. Jedwali la kwanza linafuata viwango vya JEDEC, chombo kinachopanga viwango vya kumbukumbu za kompyuta, ili kipande chochote cha DDR4, kizazi cha RAM kilichotangulia DDR5, kiweze kuwaka kwenye mazabodi yoyote ya DDR4. Kwa RAM nyingi za gemu jedwali hilo linaishia 2133, 2400 au 2666, kwa volti 1.2. Ile 3200 yako imeandikwa kwenye jedwali la pili, ambalo kwa kawaida linataka volti 1.35.

Mazabodi ikiwashwa inachukua jedwali la kwanza kwa sababu ndilo salama. La pili lazima uliombe mwenyewe ndani ya BIOS, programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows. DDR5 nayo ni hivyo hivyo: kipande kilichoandikwa 6000 mara nyingi kinaanza na 4800 kwa volti 1.1, na kitabaki hapo miaka yote kama hakuna aliyekigusa. Nimefungua mashine ambazo wenyewe walilipia RAM ya kasi na wameitumia miaka kwa kasi ya chini bila kujua, na kila mara roho inaniuma, maana pesa ile walikuwa wameshailipa.

Mbona CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya kompyuta, inaonyesha 1600? Ni nusu ya nilichonunua!

Hapo uko sawa kabisa, RAM yako inakimbia 3200. DDR husafirisha data mara mbili kwa kila pigo moja la saa yake, kwa hiyo mapigo milioni 1600 kwa sekunde yanatoa mihamisho milioni 3200. CPU-Z inahesabu mapigo, stika inahesabu mihamisho. Ukiona 1066 ndipo ujue uko kwenye 2133.

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, chagua kumbukumbu. Namba ya pale tayari imezidishwa mara mbili. Anayetumia Linux aandike `sudo dmidecode -t memory` kisha atafute mstari wa kasi iliyopangwa. Asisome ule wa kasi ambayo kipande kinaweza. Ipo miwili na huchanganya watu.

Tofauti inaonekana kweli, au ni namba tu?

Inategemea kompyuta unaifanyia nini, na hapa tupige hesabu kidogo.

Kila chaneli ya RAM hubeba baiti 8 kwa mhamisho mmoja. Kwa 2133 hiyo ni kama gigabaiti 17 kwa sekunde; kwa 3200 ni 25.6. Ukiwa na vipande viwili kwenye chaneli mbili, unatoka 34 hadi 51.2. Kuna pia muda wa prosesa kusubiri jibu, ambao unautafuta kwa kuchukua namba ya CL (idadi ya mapigo RAM inayosubiri kabla ya kujibu), kuizidisha kwa 2000, kisha kugawanya kwa kasi. RAM ya 2133 yenye CL15 inajibu baada ya nanosekunde 14 hivi. RAM ya 3200 yenye CL16 inajibu baada ya nanosekunde 10. Kwa hiyo usiogope CL kupanda ukiwasha kasi kubwa. Muda halisi umeshuka. 3600 yenye CL18 ni nanosekunde 10 pia, na DDR5 ya 6000 yenye CL30 ni 10 vilevile.

Anayeandika barua, kujaza Excel na kusoma habari hataona kitu. Anayefungua mafaili makubwa, kucheza gemu zinazoitegemea sana prosesa au kukandamiza video ataona, na kwenye gemu faida huonekana zaidi pale picha zinaposhuka ghafla na kukwama. Lakini anayefaidi kuliko wote ni yule asiye na kadi ya grafiki. Prosesa kama Ryzen 5 5600G huchora picha kwa kutumia RAM ileile ya kompyuta, maana haina kumbukumbu yake ya picha. RAM ikiwa polepole, picha nayo inakuwa polepole.

Alikuja kijana mmoja na mashine ya aina hiyo, ameshaamua kuuza simu yake anunue kadi ya grafiki. Gemu ya mpira ilikuwa inakwama kila mchezaji akikaribia goli. Nikafungua ubavu wa kasha: kipande kimoja cha gigabaiti 16, kimekaa peke yake, kinasoma 2133. Tukakibadilisha na viwili vya gigabaiti 8, nikawasha profaili ya 3200, yaani lile jedwali la pili, akakaa palepale kwenye kiti changu akacheza mechi nzima. Simu hakuuza. Kusema kweli kile kipande cha pili ndicho kilichofanya kazi kubwa, profaili ikamalizia. Kwa hiyo ukiwa na kipande kimoja tu, anza kwa kutafuta mwenzake.

Wenye Ryzen wana sababu moja ya ziada. Njia ya ndani inayounganisha sehemu za prosesa hizo hufuata saa ya RAM. Ndiyo maana kwa Ryzen za mfululizo wa 3000 na 5000 watu husifia DDR4 ya 3600, na kwa mfululizo wa 7000, ambako kinachofuata saa ya RAM ni kidhibiti cha RAM na si njia hiyo, husifia DDR5 ya 6000.

Naiwashaje?

Kwanza hifadhi kazi zako. Washa kompyuta upya huku ukigusagusa Del au F2 mpaka uingie BIOS. Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla hujabadilisha chochote. Picha hizo zitakuokoa siku mipangilio ikifutika.

Kisha tafuta neno XMP. Hilo ni jina la Intel, lilianza 2007 enzi za DDR3. AMD walikuja na lao, EXPO, mwaka 2022 pamoja na DDR5. Kwenye mazabodi za AMD za DDR4, ASUS waliandika DOCP na MSI wakaandika A-XMP. Kazi ni moja: kuiambia mazabodi isome lile jedwali la pili. Chagua profaili ya kwanza, bonyeza F10, kubali.

Skrini itazima. Kompyuta inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu, kwa sababu mazabodi inajipima na RAM ili ipate muda sahihi wa kila waya. Kwa DDR4 ni sekunde chache. Kwa DDR5 kwenye Ryzen 7000 mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi tii. Usizime swichi! Wengi wanaokuja kwangu wakisema EXPO imeua kompyuta walizima katikati ya kujipima, ikaanza upya, wakazima tena.

Nimetafuta XMP kila mahali, haipo.

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kompyuta nyingi zinazouzwa Kariakoo, na vilevile kwenye maduka ya katikati ya Nairobi, ni mitumba ya ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine nzuri, imara, na mimi huzipendekeza kwa familia na ofisi. Lakini BIOS zake ziliandikwa kwa ajili ya makampuni yanayotaka mashine elfu moja zifanane, na XMP haikuwekwa. Zinasoma jedwali la JEDEC tu.

Chukua OptiPlex 7050 yenye prosesa ya kizazi cha 7. Mwisho wake ni 2400. Mtu anakwenda dukani, anapewa RAM ya gemu yenye ganda la bati na taa, imeandikwa 3200. Ndani ya SPD jedwali la JEDEC la RAM ile linaishia 2133. Akiichomeka, inasoma 2133. Jirani yake kanunua kipande cha kijani kisicho na ganda, cha 2400, kimetolewa kwenye mashine nyingine ya ofisini, kwa bei ndogo zaidi, na kinasoma 2400 siku hiyohiyo. Mara moja nilimwona muuzaji akimhakikishia mama mmoja kwamba ile yenye taa "itaamsha" kompyuta ya mwanawe. Ilibidi niingilie, ingawa haikunihusu, maana alikuwa ameshatoa noti mkononi. Nikamwambia, "Mama, samahani, hiyo mashine haitaiona kasi hiyo, mwombe akupe ya kawaida."

Upande wa mazabodi za kuunda mwenyewe, Intel waliweka mpaka kwenye chipseti, yaani chipu kuu ya mazabodi ambayo jina lake huwa ndani ya jina la bodi. H110, B250, H310, B360, H410, B460, H510 na H610 haziruhusu RAM ipite kasi rasmi ya prosesa kwa aina hiyo ya RAM. Unaweza hata kuona neno XMP kwenye baadhi ya bodi hizo, ukaliwasha, na kasi isipite pale. Zenye herufi Z zinaruhusu, na kuanzia B560 mwaka 2021 zile za B nazo zikaruhusiwa. AMD hawabani hivyo: B350, B450, B550, na hata A520 isiyoruhusu kusukuma prosesa (kuikimbiza kupita kasi yake rasmi), zote zinakubali kusukuma RAM.

Prosesa inahusikaje na RAM?

Kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa, hakiko kwenye mazabodi. Kwa hiyo kila prosesa ina kasi yake rasmi: i5-8400 na i5-10400 ni 2666, i7-10700 ni 2933, Ryzen 5 5600X ni 3200. Kupita hapo ni kuisukuma, hata kama umebonyeza kitufe kimoja tu. Prosesa mbili za jina moja zinaweza kutofautiana: moja ikabeba 3600 bila shida, nyingine ikagoma 3466. Ryzen za kwanza kabisa, mfululizo wa 1000, zilisumbua wengi kufika 3200 mpaka BIOS zilipoboreshwa, na zipo ambazo hazikufika kamwe.

Nichomeke sloti zipi?

Kama una vipande viwili na sloti nne: ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Mazabodi nyingi huziandika A2 na B2. Nyaya za bodi nyingi zinaishia kwenye sloti hizo, na ukichomeka zile za karibu na prosesa, kipande cha waya kinabaki kinaning'inia mbele na kuchafua ishara. Kwa kasi ndogo hutaona tofauti. Kwa kasi iliyoandikwa kwenye stika kompyuta inaweza kukataa kabisa kuwaka.

Vipande vinne je?

Vinne ni mzigo mkubwa kwa kidhibiti. AMD wenyewe wanasema wazi: Ryzen 7000 ina kasi rasmi ya 5200 ukiwa na vipande viwili, na inashuka hadi 3600 ukiwa na vinne. Kama unataka gigabaiti 64, nunua viwili vya 32. Usinunue viwili vya 16 leo kwa matumaini ya kuongeza viwili mwakani.

Naweza kuchanganya 3200 na 2666?

Zitawaka, na zote zitakimbia kwa kasi ya yule mdogo. Hata RAM mbili za jina moja zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, ndiyo maana zinauzwa jozi kwenye pakiti moja.

Nimewasha XMP, sasa kompyuta haiwaki. Nimeiua?

Hujaiua. Iache dakika chache. Mazabodi nyingi zikishindwa mara kadhaa hurudi zenyewe kwenye kasi ya mwanzo. Ikigoma, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya kidonge iliyoandikwa CR2032, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, subiri dakika tano, rudisha. Au gusanisha kwa bisibisi pini mbili zilizoandikwa CLRTC, JBAT1 au CLR_CMOS, waya wa umeme ukiwa umechomolewa.

Ikishawaka, izime, chomoa waya wa umeme, kisha chomoa RAM uiangalie meno yake. Vumbi letu la barabarani linaingia kila mahali. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha ikauke, ibonyeze mpaka usikie mlio wa kibano. Kisha washa profaili tena lakini ushushe kasi kwa mkono: kutoka 3200 nenda 3000, halafu 2933. Anayepata 2933 tulivu amepata karibu faida yote.

Imewaka vizuri. Nimemaliza?

Bado, na hili naomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika hapa. Kompyuta kuwaka ni kipimo kidogo sana. RAM iliyosukumwa kupita uwezo kidogo tu haizimi mashine. Inageuza biti moja hapa, biti moja pale, na biti hiyo inaandikwa kwenye diski kama vile ni sahihi.

Mpiga picha wa harusi aliniletea mashine kwa sababu baadhi ya mafaili yake yalikuwa hayafunguki. Hakuwa na skrini ya bluu wala kujizima. Alishabadilisha diski mara moja. Nikawasha jaribio la RAM; dakika ya kumi na kitu mstari mwekundu wa kwanza ukatokea, na kulia kwake anwani ya kumbukumbu na zile herufi mbili zisizolingana, ile iliyoandikwa na ile iliyosomwa. XMP ilikuwa imewashwa na aliyemuundia, na haikupimwa. Tulishusha kasi hatua mbili, makosa yakaisha. Zile picha za watu zilizoharibika hazikurudi.

Kwa hiyo: weka MemTest86 kwenye flashi, washa kompyuta kutoka hapo, iache imalize mizunguko yote minne. Matokeo yanayokubalika ni sifuri. Kosa moja ni kosa. Shusha kasi uanze tena. Na upime mchana, chumba kikiwa na joto lake la kawaida, kwa sababu chipu za RAM zikipata joto hupoteza chaji haraka zaidi. RAM inayopita mtihani saa nane usiku feni ikipuliza inaweza kufeli saa nane mchana mwezi Februari.

Volteji hiyo ya ziada haitaunguza kitu?

Volti 1.35 kwa DDR4 ni ya kawaida na RAM hizo zimetengenezwa kuivumilia. Kuna tukio moja la kukumbuka. Mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000 zenye jina la X3D ziliungua zikiwa ndani ya soketi, kwa sababu mazabodi, EXPO ikiwashwa, zilikuwa zinapandisha mno volteji ya sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM. AMD waliiwekea kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS mpya. Mwenye bodi ya AM5, soketi ya Ryzen hizo, iliyokaa dukani tangu wakati huo asasishe BIOS kabla ya kugusa EXPO.

Na usasishe ukiwa na UPS, au uazime kwa jirani. Umeme ukikatika BIOS ikiwa inaandikwa, huenda mazabodi isiwake tena.

Waranti inaendelea?

Intel na AMD wote wanahesabu XMP na EXPO kuwa ni kusukuma kifaa kupita kiwango, na kwa maandishi yao jambo hilo linaweza kufuta waranti ya prosesa. Mtengenezaji wa RAM ndiye anayeahidi kasi ya kwenye stika, kwa hiyo RAM ikishindwa kuifikia kwenye mazabodi na prosesa zinazokubali, mdai yeye.

Kila umeme ukikatika, kasi inarudi 2133.

Angalia saa ya kompyuta. Kama nayo inarudi nyuma miaka, na kivinjari kinalalamika kuhusu usalama wa kila tovuti, basi CR2032 imekwisha. Mpya inapima volti 3 na kidogo. Ibadilishe, uweke saa, uwashe profaili tena.

Laptop je?

Nyingi hazina XMP. Nunua RAM ambayo kasi unayoitaka iko kwenye jedwali la JEDEC, volti 1.2 kwa DDR4. Kingston wana RAM za laptop zinazokwenda kasi yake bila kugusa BIOS, wanaziita Plug N Play.

Dukani niangalie nini?

Nenda na jina kamili la mazabodi na prosesa yako. Kabla ya kwenda, fungua tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi utafute orodha ya RAM walizozijaribu, halafu linganisha namba ndefu ya modeli iliyoko kwenye stika, herufi kwa herufi, maana rangi na jina vinafanana kwa modeli nyingi. Kwa RAM ya mtumba, mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake na afungue CPU-Z, ukurasa wa SPD. Pale utaona majedwali yote mawili kwa macho yako: safu za JEDEC upande wa kushoto, na ile ya XMP mwishoni kulia, ikiwa na kasi, CL na volteji. Kama safu ya XMP haipo na stika inasema 3200, soma JEDEC ya mwisho. Ikiwa ni 1600 kwa volti 1.2, hiyo ni 3200 ya asili, haihitaji kuwashwa, na kwa mwenye mashine ya ofisini ya kizazi kipya kidogo ndiyo RAM ya kununua.